Maswali Manane kwa Mstari Mmoja

Tarehe tano ya kila mwezi simu ya mama mdogo ilikuwa ikilia mlio mfupi, kama kijiko kinachogonga kikombe, na ujumbe unaingia: "Mteja wako hajalipa. Mkumbushe." Mteja mwenyewe alikuwa fundi viatu wa pale chini ya ngazi za benki ya zamani. Alikuwa amekufa tangu mwezi wa tatu. Ujumbe wa kwanza mama mdogo aliufuta. Wa pili aliusoma amesimama, halafu akakaa. Wa tatu ulipoingia tulikuwa mezani, akaigeuza simu kifudifudi, na mama, ambaye ni dada yake mkubwa na ulimi wake hauna breki, akasema, "Mjibu kwamba ameshahama, na hakuacha anwani."

Hakuna aliyecheka, hata mama mwenyewe.

Mama mdogo alikuwa akiuza bima ya mazishi. Unalipa kidogo kidogo kila mwezi, na siku ukifa kampuni inawapa watu wako fedha za kukuzika: sanduku, gari, kaburi, na chai ya waliokuja. Ndiyo hiyo tu. Watoto wa jirani walimwita Mama Jeneza, naye aliwaitikia "Abee, mteja!" mpaka wakaona haya. Alikuwa na mkoba wa buluu uliokatika mkanda, kalamu tatu, na ulimi wa kumtoa nyoka pangoni. Aliingia vyumbani mwa watu akakaa alipopewa, ukingoni mwa kitanda, juu ya ndoo iliyopinduliwa, popote, na kabla hajafungua mkoba alikuwa ameshajua mtoto yupi anaota meno. "Kifo hakina miadi," aliwaambia, "lakini mimi ninayo, saa tano niko kwa mwenzako, kwa hiyo tuharakishe." Walicheka. Mtu akishacheka, aliniambia, mkono wake uko nusu njia kwenda kwenye kalamu.

Bei zilikuwa kwenye karatasi mbili. Ya kwanza ni ya wazima: mtu wa miaka hamsini na minane alilipa elfu tatu na mia mbili kwa mwezi, na akifa hata wiki ijayo, nyumbani wanapata fungu kamili. Ya pili ni ya wenye maradhi ya kudumu: mtu wa umri huohuo alilipa elfu tano na mia tisa, na akifa kwa ugonjwa kabla ya miaka miwili kwisha, nyumbani wanarudishiwa alichokwisha kuweka, na sehemu ya kumi juu yake. Nilipomwuliza mbona anayeumwa alipe zaidi na apate kidogo, alinijibu kwamba kampuni si shangazi yako. Akaona sijatosheka, akaeleza vizuri. Wote wanatia kwenye chungu kimoja, na aliye karibu kuchota lazima atie zaidi, la sivyo chungu kitakauka kabla ya zamu ya wengine. Nikaona ni haki. Mpaka leo naona ni haki, ila mtu aambiwe yuko kwenye karatasi ipi.

Cha kukuweka kwenye karatasi hii au ile kilikuwa maswali manane, sehemu ya tatu ya fomu. Sukari. Presha. Moyo. Figo. Kifua. Ini. Uvimbe wowote. Na kama umewahi kulazwa hospitali katika miaka mitatu iliyopita. Kila swali na visanduku viwili, Ndiyo na Hapana, na wakala alitakiwa kuyasoma kwa sauti, moja moja, na kungoja jibu. Mwaka wa kwanza mama mdogo aliyasoma yote. Lakini alisema ukimtajia mtu figo, uso unamfunga kama duka siku ya msiba. Kicheko kinakufa, mkono unarudi mapajani, na wewe umetembea toka asubuhi kwa miguu. Mwaka wa pili akayafupisha. Mwaka wa tatu yakawa swali moja tu, tena alilitupa huku anatafuta kalamu mkobani:

"Lakini u mzima?"

"Mzima."

Basi kalamu inateremka, mstari mmoja toka juu hadi chini, kupitia visanduku vyote vinane vya Hapana. Shrrr. Nimewahi kuusikia mlio huo. Ulikuwa mlio mzuri, wa kazi iliyokwisha.

Sasa mnitajie mtu, katika lugha yetu hii, anayeulizwa kama ni mzima akasema hapana. Mgonjwa amelala chali hospitalini, mpira wa maji mkononi, ukimwuliza hali atakwambia nzuri, ndipo aanze kuhema. Bibi yangu alikuwa akijibu hajambo, "ila kichwa, na mgongo, na hii miguu, na usiku silali." Kwanza uzima, maradhi baadaye, tena kwa anayengoja kusikia. Mama mdogo alikuwa hangoji. Na alijua. Hicho ndicho nilichochelewa kuelewa.

Fundi viatu alijaza fomu mwezi wa saba. Alikuwa mtu mkavu, mwenye misumari midogo mdomoni muda wote, kwa hiyo alizungumza kupitia upande mmoja wa midomo. Alikubali bila kubembelezwa, akatoa sababu moja. Hakutaka siku akifa karatasi ya mchango ipitishwe mlango kwa mlango ikiwa na jina lake. "Nimeiona inavyopita," alimwambia mama mdogo. "Watu wanatoa huku wanaguna. Mimi nisigunwe." Akalipa miezi minane, kila tarehe tano, asubuhi, kabla hajafungua kibanda. Halafu akafa.

Kampuni ilisema madai yanachunguzwa, na maiti hangojei uchunguzi. Kwa hiyo karatasi ya mchango ikapita. Ilipofika kwetu aliyeileta alikuwa kijana wa duka la vocha, na kalamu imefungwa kwa uzi. Mama akaandika jina akatoa. Mama mdogo akatoa mara tatu ya mama na hakuandika jina. Kijana alipogeuka, akaguna. Labda alikuwa na kikohozi tu, lakini mama mdogo aliusikia mguno ule, nikamwona anashika fremu ya mlango.

Miezi miwili baadaye, Jumamosi saa nne asubuhi, alikuja binti wa fundi. Anafundisha watoto wa chekechea, na ana ile sauti ya upole ya watu wanaoshinda na watoto, ndiyo maana ilitisha zaidi. Hakutaka kukaa. Alikuwa na bahasha ya nailoni, akatoa barua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Poleni tena."

"Tumeshapoa. Naomba unisomee mstari huu, labda mimi sijui kusoma."

Mama mdogo akausoma kimya. Binti akasema, "Kwa sauti."

"'Marehemu alificha hali yake ya kiafya. Madai yamekataliwa.'"

"Alificha," binti alisema. "Nilikwenda kwa meneja wenu. Akaniambia mbele ya watu wa foleni: mficha maradhi, kilio humfichua. Watu wakatikisa vichwa. Mama, baba alikuwa na sukari miaka sita. Aliisema kwa kila mtu. Wateja wakimletea soda alikuwa anawaambia, hii nipe nimwonjeshe jirani, mimi nina sukari. Kliniki alikuwa anakwenda na ndala moja, kiatu kingine hakiingii. Mtu kama huyo anaificha vipi? Mimi fedha sizitaki, tumeshazika bila hizo. Nataka kujua kitu kimoja. Aliulizwa?"

Mama mdogo alikunja ile barua katika mikunjo yake ya zamani, akamrudishia.

"Nitalifuatilia, mwanangu," alisema.

Binti akaitazama miguu yake mwenyewe, akaondoka.

Jumatatu mama mdogo alikwenda ofisini akarudi na karatasi moja. Ilikuwa inaitwa Taarifa ya Wakala. Meneja alimweleza kwamba faili la fundi haliwezi kufungwa bila hiyo, na ndiyo sababu mashine bado inamhesabu kama mtu hai aliyechelewa kulipa. Asaini tu, Ijumaa airudishe, na ujumbe utakoma. Karatasi ilikuwa na sentensi moja iliyochapwa: "Nathibitisha kwamba nilimsomea mteja maswali yote, moja baada ya jingine, naye akajibu mwenyewe." Chini yake kulikuwa na nafasi ya maelezo, mistari mitatu, na mahali pa sahihi.

"Na usipothibitisha?" nilimwuliza.

"Basi kosa ni la wakala. Wanalipa wao, wananinyang'anya leseni mimi, na wanaanza kufukua fomu zangu zote."

"Saini," mama alisema toka jikoni, bila kugeuka. "Saini, mdogo wangu. Maiti hali, hanywi, halipi ada. Huyu hapa yuko kidato cha tatu, nusu ya ada ni yako. Unataka kumsafisha marehemu kwa sabuni ya nani?"

"Dada, ameitwa mwongo."

"Ameitwa na barua. Barua inaoza."

"Binti yake ataoza nayo?"

Mama akafunga bomba la maji. Sikujua mpaka wakati ule kwamba lilikuwa wazi.

Jumanne nilipotoka shule nilimkuta mama mdogo sakafuni chumbani kwetu. Alikuwa amezipanga nakala za fomu zake za tangu mwaka wa tatu, zile karatasi nyepesi za waridi wanazobaki nazo mawakala, toka mlangoni hadi chini ya kitanda, zote zimefunguliwa sehemu ya tatu. Nilizihesabu kwa sababu sikuwa na la kufanya kwa macho yangu. Mia moja arobaini na tatu. Na kila moja ilikuwa na mstari uleule, umeteremka upande wa Hapana, mwingine umepinda kidogo, mwingine umetoboa karatasi.

"Watu mia na arobaini na tatu," alisema, "wazima wote. Ulishaona mtaa wa namna hiyo?"

Alikuwa anaziokota mojamoja. "Huyu anapanda ngazi kwa kupumzika mara mbili. Huyu midomo yake ina rangi ya wino. Huyu alikuwa na kopo la dawa dirishani, alilisogeza ili nipate pa kuweka mkoba." Alikuwa anawakumbuka wote, kila kitu, hadi pazia. Hakuwa amekosa kuona. Aliona kuliko daktari. Alikuwa anaona, halafu anapiga mstari.

"Na fundi?" niliuliza, kwa sauti ndogo.

"Kidole gumba cha mguu wa kulia. Kilifungwa kitambaa, na kitambaa kimelowa. Nilikitazama wakati anasaini. Nikajiambia ni nyundo." Akaiokota fomu yake. "Fundi viatu hapigi nyundo miguuni, anapiga gotini. Nilijua. Lakini ile karatasi ya pili, ukimtajia mtu elfu tano na mia tisa, anakuambia ngoja nifikirie, na akifikiria humwoni tena. Nilikuwa nimebakisha watu wawili kufikisha kiwango cha mwezi. Yeye alikuwa mmoja."

Toka siku ile sikuweza kulala chumba kimoja naye bila kuhisi kwamba tuko wengi. Si mizimu, sisemi hivyo. Ni kwamba wale watu wa kwenye karatasi walikuwa wanapumua mahali fulani mtaani, kila mmoja kwa kifua chake kibovu, wanalipa kila tarehe tano, wametulia. Na hawakuwa na kitu.

Alhamisi alasiri aliniambia twende. Binti alikuwa kibandani mwa baba yake, anamaliza kugawa viatu vilivyobaki kwa wenyewe. Kulikuwa na harufu ya gundi, na rafu ya mbao yenye viatu kama kumi, vingi vya mguu mmoja. Mama mdogo alisimama kwenye jua, nje ya kivuli cha turubai, kama mtu ambaye hajakaribishwa.

"Hakuulizwa," alisema. "Nilimwuliza kama ni mzima, akasema mzima. Mengine nilimjibia mimi."

Binti alikuwa ameshika kiatu cha mtoto. Akakiweka kwenye rafu, polepole. Nilidhani atapiga kelele. Akasema, "Unazo hizo fomu?"

"Ninazo."

"Nisomee kama ulivyotakiwa kumsomea."

"Mwanangu, haitasaidia—"

"Kaa hapo. Hapo ndipo walipokuwa wanakaa wateja. Soma."

Mama mdogo akakaa kwenye kigoda, akafungua fomu mpya. Akasoma.

"Je, umewahi kuambiwa na daktari kwamba una ugonjwa wa sukari?"

"Ndiyo. Miaka sita."

"Je, una shinikizo la damu?"

"Ndiyo. Kidogo. Alikuwa anakula vitunguu saumu akidhani vinashusha."

"Ugonjwa wa moyo?"

"Hapana."

"Figo?"

"Walikuwa wameanza kusema. Andika walikuwa wameanza kusema."

Wakaenda hivyo hadi la nane. Mteja mmoja alikuja na begi lenye zipu mbovu, akasikiliza swali la ini, akaondoka kimyakimya. Mimi nilitazama saa ya simu. Maswali yote manane, na majibu yake, na mama mdogo kufuta macho mara moja, yalichukua dakika nne.

"Sasa," binti alisema, "angelipa ngapi?"

"Elfu tano na mia tisa."

"Na kwa kufa baada ya miezi minane, tungepata?"

"Alichoweka. Na sehemu ya kumi."

Binti akapiga hesabu kwa midomo, kama anavyowafundisha watoto wake. "Kwa hiyo hata ungekuwa mkweli, sanduku tusingepata."

"Msingepata."

"Lakini angejua." Hapo sauti yake ya chekechea ilimtoka. "Angejua, mama! Angeuza ile cherehani kubwa, alipata mnunuzi mwezi wa kumi akamkataa. Angeniambia mimi. Angejipangia. Alikufa ametulia. Wiki ya mwisho alinishika mkono, mwanangu usihangaike, mimi nimeshajizika. Unajua alikuwa anatabasamu?"

Mama mdogo alitoa ile Taarifa ya Wakala mkobani, akaiweka juu ya meza ya fundi, katikati ya vipande vya ngozi, akaikata sentensi iliyochapwa na kuandika kwenye mistari mitatu: *Sikumsomea. Marehemu hakuficha kitu. Niliona kidonda cha mguu, nikaandika mzima.* Akasaini. Akampa binti aisome kwanza, ndipo akaitia kwenye bahasha.

Ijumaa meneja alimwita mwendawazimu, kisha akamwita "dada yangu," kisha akafunga mlango. Alimbembeleza nusu saa. "Wote wanapiga mstari," alimwambia. "Wewe unadhani wenzako wanasoma? Tungesoma, tungeuza kwa nani?" Alipoona habembelezeki, akachukua kitambulisho na mkoba wa buluu, mkoba ni mali ya kampuni.

Fundi alilipiwa mwezi wa tisa, fungu kamili, na barua mpya isiyokuwa na lile neno. Binti aliwarudishia watu michango yao, nyumba kwa nyumba, kwa karatasi ileile. Kwetu alimpa mama. Fungu lisilo na jina aliliacha juu ya meza bila kuuliza ni la nani.

Waliobaki mia na arobaini na wawili kampuni iliwapelekea wakala mwingine, kijana mwenye kishikwambi, akawasomea yote manane. Tisini na kitu walihamishiwa karatasi ya pili. Wengine wakaongezewa bei, wengine wakaacha, wengine wakaanza upya kuhesabu miaka miwili. Msidhani walimshukuru mama mdogo. "Tulikuwa wazima mpaka ulipofungua mdomo," mwanamke mmoja alimwambia sokoni, na watu wa meza za pembeni wakaitikia. Mama Jeneza sasa hawamwiti kwa utani. Mama anamsaidia kununua vitambaa vya kuuza, ada yangu inalipwa kwa vipande, na wakigombana mama husema tu "sabuni," neno moja, mama mdogo anatoka kwenda uani.

Yeye ndiye aliyebaki na macho. Hamwangalii mtu usoni tena, anaangalia vifundo vya miguu kama vimevimba, kucha, namna mtu anavyovuta pumzi akishuka kizingiti. Tukipita mtaani anahesabu chinichini. Nikimwuliza anahesabu nini, ananiambia nitembee.

Wiki iliyopita muuza mkaa wa ghorofa ya pili alikuja mwenyewe, alasiri, na fomu ya kampuni nyingine kabisa. Ni mmoja wa wale tisini. "Nisomee," alisema. "Wewe angalau nakujua ulivyonidanganya." Mama mdogo alimsomea barazani, kila swali, akingoja. Yule mwanamke alijibu ndiyo mara tatu. Baada ya ile ya tatu alitazama mikono yake yenye weusi wa mkaa, akasema, "Kwa hiyo mimi ni mgonjwa." Hakuwa anauliza. Akataka bei, akatajiwa bei, akasema ni ghali, mama mdogo akasema ndiyo, ni ghali. Akaikunja fomu akaitia kifuani, akaaga, akaanza kupanda ngazi kwenda kwake.

Alifika ngazi ya tano akashika ukuta.

Mama mdogo alikuwa ameshasimama. Lakini hakwenda. Alinisukuma mgongoni.

"Nenda wewe ukamshike," aliniambia kwa kunong'ona. "Mimi akiniona atajikaza."